Santuri Zilizopakwa Mafuta ya Nazi

Kabla sijajua kuogopa watu, niliogopa umeme. Nilikuwa Mtwara, nalala kwenye kibanda cha fundi redio na kumsaidia kwa malipo ya chakula. Siku moja aliweka mbele yangu amplifaya ya zamani, ile ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, akaniambia nisiiguse ndani hata kama imechomolewa. Umeme hubaki, alisema, umejikunja mle kama nyoka mtungini. Mimi ni mtu wa kutaka kuona mwenyewe. Nilitia kidole, na fahamu ziliponirudia nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kibanda, mkono wa kulia haunijui wala mimi siujui. Fundi alicheka hadi akakohoa.

"Haya," akasema, "mmeshajuana."

Shule niliiacha mapema, darasa la nne halijaisha, kwa sababu kiti kilikuwa kinaniwasha. Tangu hapo nimechoma mkaa Nhica do Rovuma, nimepakia korosho Awasse, nimepikia mabaharia Pemba ya Msumbiji, na kila nilipopita nilifungua kilichofungwa kwa skrubu nione kinachokiendesha. Kwa hiyo mjomba wangu aliponiletea salamu kwamba amerudi kwake Quitunda, karibu na Palma, na kwamba nije na bisibisi zangu, nilijua ananiitia nini.

Mjomba alikuwa mvuvi mpaka kijiji chao kilipohamishwa kupisha mambo ya gesi. Walipewa nyumba ya matofali Quitunda na kipande cha shamba. Katika vitu vyote alivyohama navyo, kilichobebwa na watu wanne kilikuwa gramafoni, pamoja na amplifaya yake ya valvu na spika kubwa kama kabati la vyombo. Baba yake aliachiwa vitu hivyo na Mreno mmoja mwenye duka, mwaka Wareno walipokuwa wanaondoka. Nilipokuwa mtoto, kila Ijumaa baada ya sala, mjomba aliiwasha, nasi tulilala kifudifudi sakafuni kuchungulia zile taa nyekundu ndogo kupitia matundu ya kifuniko. Niliamini mna watu mle ndani wanapika.

Halafu ikaja siku ya kukimbia. Sitaieleza, kila mtu wa pwani hii anayo yake. Hata wenye bunduki waliotukimbiza hatuwaiti jina. Tunasema "wale", na sauti inashuka yenyewe. Kabla ya kuondoka kwenda Pemba mjomba alizichomoa valvu akazitia kwenye kopo la mchele mkavu, akafunga mashine na santuri kwa nailoni, akavitia kwenye pipa na kulifukia nyuma ya nyumba, penye migomba; spika, isiyoenea pipani, akaifukia kando yake. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Wengine walifukia sufuria, wengine mashine za kushonea, na kuna mtu ninayemjua alifukia mlango wake.

Nilifika nikakuta pipa limeshafukuliwa. Mjomba alikuwa ameketi mbele yake kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke.

"Mtoto wa dada yangu," akasema, "shule ilikukataa, lakini bisibisi inakutii. Niambie kama imekufa."

Nilikaa nayo siku kadhaa. Kila asubuhi, kabla sijaingiza mkono, nilichukua bisibisi yenye mpini wa mpira na kuutolea umeme uliojificha njia ya kutokea, na kila asubuhi moyo ulinipiga vilevile, ingawa nilijua mashine haijaonja waya kwa miaka. Kidole hakisahau. Nilisugua kutu kwenye miguu ya valvu, nikabadilisha nyaya zilizotafunwa na mchwa, nikaweka sindano mpya niliyotoka nayo Mtwara imeviringishwa pamba. Binti ya mjomba alikuja kukaa mlangoni kunitazama. Alikuwa na mimba kubwa, ameingia mwezi wake. Mumewe alikuwa kazini Pemba, naye alirudi kujifungulia kwa mama yake.

"Kaka," aliniambia, "huna nyumba, huna mke, una sanduku la bisibisi. Siku ukifa tutakuzika na nini?"

"Na wewe ukizaa, mtoto atalala juu ya tumbo hilo au tumwombe mjomba ile spika iwe kitanda chake?"

Alicheka, akashika mgongo. Nilimwona anavyogeuza kichwa kila pikipiki ikipita barabarani. Kila mtu pale alikuwa na kichwa cha namna hiyo.

Kasoro ilikuwa kwenye santuri. Mkazamjomba wangu ni mwanamke wa pwani: anaamini hakuna kitu cha duniani kisichohitaji mafuta ya nazi. Nywele, mlango, kitanda, kisu. Miaka yote alizipaka santuri mafuta ili zisiote ukungu na zing'ae, na mjomba hakuthubutu kumkataza. Zilipofukiwa, nailoni ilipasuka, na mchanga ukanatana na mafuta. Nilipozitoa zilikuwa zimepata ukoko, mithili ya samaki aliyepakwa unga tayari kukaangwa.

"Nitaziosha kwa sabuni kesho," nikamwambia mjomba. "Mojamoja, polepole."

"Kesho!" Akatazama nje. Habari zilikuwa zimeshaenda. Majirani walikuwa wameanza kuketi uani juu ya mikeka. "Watu hawa wamekaa bila ngoma tangu kukimbia. Uniambie niwaite kesho?"

Santuri moja tu ilikuwa safi, nayo ilikuwa mbovu. Tuliiita yenye kidonda. Upande wa kwanza ilikuwa na mkwaruzo, na sindano ikifika pale inarudi nyuma, inarudi nyuma: tarumbeta tatu, halafu mwimbaji anaanza "na we—", halafu tarumbeta tena. Mjomba alikuwa akiweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili uzito uivushe sindano. Sisi watoto tulipenda mahali pale kuliko wimbo wenyewe. Binti ya mjomba, alipokuwa mdogo, alizunguka nyumba akiimba "na we, na we, na we" hadi mama yake amtupie kandambili. Kwa aibu ya kidonda chake santuri ile iliwekwa ndani ya sanduku la kanga, chini kabisa, haikuwahi kupata mafuta, ikaenda Pemba na kurudi ndani ya kanga.

Mjomba hakuitaka. Alichagua ile iliyopendwa na moyo wake, akaifuta kwa shati, akaiweka. Spika tulikuwa tumeitoa barazani. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado liko juu. Mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kusini aliyeletwa na serikali, alikuwa amepewa kiti cha mbele. Nikawasha.

Mashine ya valvu haiimbi papo hapo. Lazima ipate moto kwanza. Mimi nilijua, mjomba alijua zamani akasahau kwa furaha. Alishusha sindano, hakusikia kitu, akazungusha kitufe cha sauti. Kimya. Akazungusha tena, mpaka mwisho. Nilikuwa nimeinama natazama valvu zinavyoanza kuwa nyekundu, nikafungua mdomo nimwambie mjomba apunguze.

Sauti haikutoka ghafla. Ilikuja kama kitu kinachokaribia kutoka mbali. Pa. Halafu pa-pa. Halafu mchanga wote ule, uliogandia kwenye mafuta yote yale, ulipita chini ya sindano mara moja, na spika kubwa kama kabati ikautupa uani: papapapa, pa, papapapa.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Watu waliozoea hawapigi kelele. Niliona mikono ikichukua watoto, niliona mikeka imebaki haina watu. Na mimi, niliyeitengeneza mashine ile kwa mkono wangu, niliyekuwa naitazama sindano kwa macho yangu na kujua kila punje inayogonga, nilikimbia. Hilo nimelifikiria sana tangu siku ile na bado silielewi. Kichwa kilisema, "Ni santuri." Miguu haikusubiri kichwa kimalize. Niliporudiwa na akili nilikuwa nimelala kwenye mihogo ya mtu, uso kwenye udongo, bisibisi mkononi. Nyuma yangu palikuwa kimya, maana mtu alikuwa ameukwaa waya akauchomoa. Nilisikia moyo wangu, na mbuzi mmoja.

Nilirudi. Mjomba alikuwa amesimama peke yake barazani, mikono imening'inia. Mwalimu alitoka nyuma ya tangi la maji, kiatu kimoja, simu mkononi.

"Ilikuwa disku," mjomba alimwambia, akiionyesha santuri. "Disku tu, mwalimu. Mchanga."

Mwalimu alimtazama, kisha akaitazama simu. "Nimeshawapigia askari," akasema. "Nimewaambia wale wameingia."

Alipiga tena kusahihisha, mara nyingi. Simu haikushika. Hapo mkazamjomba akatokea kona ya nyumba, kanga imekwama kwenye mwiba na kuchanika, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu, na akauliza swali ambalo sisi wanaume watatu hatukuwa tumelifikiria.

"Mwanangu yuko wapi?"

Jirani alikuwa amemwona. Alivuka shamba, akaingia porini upande wa mikorosho, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Nataka msomaji aelewe tulichokiona pale, kwa sababu kwa mtu wa kwingine ni jambo dogo: mtu amejificha, mwite atoke. Lakini sisi hatutoki tukiitwa. Tulijifunza kwa gharama. Wale nao huita. Huita kwa Kimwani, kwa Kimakonde, kwa Kiswahili kizuri, husema njooni kumetulia. Kadiri unavyoitwa ndivyo unavyozidi kwenda ndani. Na sasa askari walikuwa njiani, wameambiwa wale wameingia. Wangefika na vidole kwenye bunduki, na ndani ya mikorosho kulikuwa na mwanamke mzito atakayekimbia akiwaona. Askari aliyeogopa hamwoni mwanamke. Anaona kitu kinachokimbia.

Mkazamjomba alimwita hata hivyo. Aliita mara moja tu, sauti ikakatika, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Muziki," nikasema. "Tupige muziki. Wale hawapigi dansi."

"Tupige mawaidha," mjomba akasema. "Nina ya shehe, kwenye simu. Atasikia neno la Mungu atatulia."

"Wale nao wanasoma Kurani," mkazamjomba akamjibu, hakumgeukia. "Piga dansi. Iliyo safi."

Safi ilikuwa moja.

Niliurudisha waya. Taa hazikuwaka zote. Katika msukumano ule mtu alikuwa ameigonga mashine, na valvu moja ilikuwa imelegea kwenye tundu lake, imeinama. Kuutoa umeme uliojificha kwa bisibisi, taratibu, kama kila asubuhi, nilihitaji utulivu ambao sikuwa nao. Nilikuwa tayari nasikia gari kubwa kwa mbali, upande wa barabara ya Palma. Nilichomoa waya na kuvua shati. Nikaliviringisha mkononi. Kile kidole kilianza kuuma kabla sijagusa kitu. Mjomba alinishika bega, na nilimwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mkubwa wangu:

"Niache! Ukinishika tutakufa wote."

Niliingiza mkono, nikaipata ile chupa ya moto, nikaisukuma mpaka ikakaa. Hakuna kilichonipiga. Jasho lilinitoka kana kwamba kimenipiga. Nikauchomeka waya, nikashusha sauti hadi robo, nikaweka ile yenye kidonda, nikashusha sindano, halafu tukangoja.

Sijui kama mmewahi kungojea valvu ipate moto huku gari la askari linakuja. Wekundu huja kama haya usoni, polepole, kuanzia chini. Santuri inazunguka, sindano inapita, hakuna kitu. Mwalimu alikuwa anasema kitu kwa Kireno, nadhani alikuwa anasali. Kisha gitaa likatoka, jembamba, likanenepa, na wimbo ukasimama uani kama mgeni aliyepiga hodi akaingia. Niliongeza sauti kidogokidogo, kwa woga, mpaka ikafika kwenye mikorosho.

Watu wakaanza kutoka. Mzee mmoja na mbuzi wake wawili. Mama mwenye pacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akija huku anatukana.

"Mwendawazimu! Muziki wa bunduki unaupigia hoteli gani? Nimekanyaga miiba kwa ajili ya starehe yako!"

"Samahani, mama," mjomba akasema.

"Samahani yako niitie chumvi?"

Mwingine alicheka, kicheko kibaya, hakikuweza kukoma, mpaka mwenzake akamkalisha chini. Walikuja mmojammoja na wawiliwawili. Binti ya mjomba hakuwamo.

Gari lilisimama. Askari waliruka chini, vijana, nyuso zimekaza. Mkubwa wao alikuja moja kwa moja barazani, akaionyesha mashine kwa mtutu. "Desliga isso!" Zima. Mwalimu akasimama mbele yake na kiatu chake kimoja, akaeleza kwa Kireno upesi upesi: disku, mchanga, mafuta ya nazi. Sijui mafuta ya nazi aliyaelezaje. Askari alimsikiliza, macho yakitazama pori. Mkazamjomba akaketi chini mbele ya spika, akakunja miguu, akawa kama mti ulioota pale.

"Mwambie mwanangu yumo mle," akasema. "Mwambie ana mimba. Mwambie kikizimwa hicho, hatoki."

Mwalimu akafasiri. Yule mkubwa wa askari alifuta jasho. Niliona kwamba anaogopa pia; shingo yake ilikuwa inacheza. Hakujua kama ni kweli sisi ni watu wa muziki au tumewekwa pale kumlaghai. Akasema kitu kifupi.

"Anasema wimbo huu ukiisha, wanaingia," mwalimu akatuambia. "Kuhakikisha. Ndiyo amri yao, hana la kufanya."

Basi tukakaa tunausikiliza wimbo unavyokwenda kwisha. Sijawahi kusikiliza muziki namna ile. Kila ubeti uliopita ulikuwa umepita. Mjomba alikuwa anatazama sindano ikisogea ndani, ndani, huku askari wanajipanga ukingoni mwa mihogo. Mikorosho ilisimama tu.

Ikafika kwenye kidonda. Tarumbeta tatu. "Na we—". Tarumbeta tatu. "Na we—".

Mazoea ni kitu kibaya. Mkono wa mjomba ulikwenda mfukoni kutafuta sarafu. Wangu ulikwenda kuunyanyua mkono wa gramafoni. Mkazamjomba aliinuka kutoka pale chini upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akanipiga kofi kiganjani, kisha akamshika mumewe kifundo cha mkono.

"Iacheni."

"Imekwama, mke wangu."

"Najua imekwama. Iacheni ikwame."

Ikakwama. Tarumbeta tatu, na we. Tarumbeta tatu, na we. Askari mmoja alimgeukia mkubwa wake, mkubwa akamgeukia mwalimu, mwalimu akainua mabega: wimbo haujaisha. Na kweli, haukuwa umeisha. Ungeweza kuendelea hivyo mpaka umeme ukatike au valvu iungue. Nilizitazama valvu. Nilinusa joto la vumbi. Niliziomba, kama mtu anavyoomba watu, zivumilie.

Sijui ilikuwa muda gani. Kisha mbuzi wa yule mzee wakageuza masikio, na kwenye ukingo wa mikorosho kitu cha rangi ya njano kikasogea, na bunduki zote zikainuka pamoja. Mwalimu alipiga ukelele, kwa Kireno na kwa Kiswahili kwa mkupuo. Mkazamjomba hakupiga ukelele. Alikuwa ameshaanza kutembea, katikati ya mihogo, mbele ya mitutu, mikono ameifungua.

Alikuwa yeye. Alikuja bila viatu, kanga yake ya njano imejaa mbegu za nyasi zinazonata, mkono mmoja chini ya tumbo. Hakukimbia, wala hakulia. Alimpita askari wa kwanza kama anayepita mti. Baadaye alituambia kwamba muziki aliusikia mapema na akazidi kujikunyata, maana alijiambia kwamba hata wale wanaweza kuokota redio ya mtu. Alinyanyuka santuri ilipokwama. Alisema hakuna mtu duniani anayeweza kuiigiza ile.

Alifika barazani, akamtazama baba yake, ambaye alikuwa bado ameshikilia sarafu.

"Baba," akasema. "Sarafu yako ina kazi gani?"

Mama yake akamkalisha kwenye kiti cha mwalimu, akampapasa tumbo kwa viganja viwili, akingoja. Tulingoja sote, hata yule mkubwa wa askari, amevua kofia. Kisha mkazamjomba akashusha pumzi. "Anacheza," akasema.

"Zimeni sasa," binti ya mjomba akasema. "Nimechoka nayo."

Nikazima. Wekundu ulibaki kwenye valvu kidogo, kisha ukafifia. Na hapo, uani kote, watu wote na askari, tuliweka masikio upande wa barabara, upande wa bahari, upande wa mikorosho, tukisikiliza kama kweli hakuna kitu.